Mbwa wa nyumbani: tumhasi au tumwache alivyoumbwa?

Kila mada hii ikiguswa, hoja ya kwanza ni ileile: kumhasi mbwa ni kumdhulumu, ameumbwa na uzazi wake, sisi ni nani tumwondolee? Nami niliishika hoja hiyo miaka minane, kwa mbwa jike niliyempenda sana.

Wiki chache baada ya kutoka kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, alianza kunywa maji kupita kiasi. Bakuli likiisha analilamba, kisha ananitazama. Nilidhani ni jua tu. Siku ya tatu akagoma kula, na alipoinuka nikaona usaha kwenye mkeka wake. Kizazi kilikuwa kimejaa usaha. Upasuaji uleule wa kuondoa kizazi niliomkatalia akiwa na nguvu zake, alifanyiwa uzeeni, akiwa na homa, usiku wa manane. Alipona, lakini sitasahau alivyotetemeka.

Wala si ugonjwa wa nadra. Takwimu za bima ya mbwa nchini Uswidi zilionyesha kuwa takribani robo ya majike wasiohasiwa huupata kabla ya kutimiza miaka 10. Kwa jike, basi, mimi nasema ahasiwe.

Ila wanaosema wote wahasiwe wakiwa na miezi sita, siko nao. Homoni za uzazi ndizo zinazoiambia mifupa iache kurefuka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2013 uliwakuta Golden Retriever, aina ya mbwa wakubwa, waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja wakisumbuliwa zaidi na maungio. Mbwa wa umbo kubwa asubiriwe akomae.

Dume ndiye anayenipa shida. Wengi humhasi wakitaka ukali uishe. Kuzurura kutafuta majike kunapungua kweli, lakini anayeng'ata kwa woga ataendelea kung'ata, pengine zaidi. Huyo anahitaji mafunzo, si kisu. Kama dume ni mtulivu na hatoki bila wewe, sioni haraka. Norwei hawahasi mbwa bila sababu ya msingi, na wanaweza kwa kuwa wenye mbwa wanawachunga.

Ninyi mnaopinga kabisa, nawaomba mnijibu hili moja. Jike huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni siku 63 hivi. Watoto sita au wanane wakizaliwa, mmeshawapata wa kuwachukua, na mna hakika hao nao watawachunga?