Wahakiki wameudhulumu wimbo "Son of My Father", na sitanyamaza

Ndugu wapenzi wa muziki wa miaka ya 1970, naomba niyatoe yaliyonijaa kifuani. Kila ninaposoma makala kuhusu enzi ya glam (roki ya mavazi ya kumetameta na vipodozi) nchini Uingereza, wimbo huu wa kundi la Chicory Tip, vijana wa Maidstone, hutajwa kwa sentensi moja ya kejeli, tena ukibahatika kutajwa. Huitwa wimbo wa peremende, yaani mtamu usio na uzito, kisha mwandishi huyo anakimbilia kwa David Bowie, nyota wa enzi hiyo, ilhali mwaka 1972 ulishika namba moja Uingereza kwa wiki 3.

Kejeli ningeivumilia, maana kila mtu ana masikio yake. Kinachoniudhi ni undumilakuwili. Wimbo huu ulitungwa na Giorgio Moroder akishirikiana na Pete Bellotte, watu walewale ambao mwaka 1977 walimtengenezea Donna Summer "I Feel Love", wimbo ambao wahakiki wanausujudia na kudai kwamba ndio uliofungua mlango wa muziki wa mashine. Mlango gani huo, ikiwa miaka 5 kabla yake kinanda cha kielektroniki cha Moog kilikwishaongoza wimbo mzima hadi kileleni?

Usikilizeni tena mwanzo wake. Moog haikujificha nyuma ya gitaa. Inavuma mbele ya kila kitu kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Vinanda hivyo wakati ule vilitoa noti moja moja tu, kwa hiyo mpigaji hakuwa na rundo la sauti la kufunikia makosa yake. Mpigaji mwenyewe ni Chris Thomas, ambaye baadaye alikuja kuwa mtayarishaji wa Roxy Music na Sex Pistols, makundi ambayo wahakiki haohao huyataja kwa heshima zote! Mikono yake ilikuwa michafu mwaka 1972, ikatakata ghafla?

Nakiri kwamba maneno ya wimbo ni mepesi, na mavazi ya kumetameta waliyoyavaa baadaye sitayatetea. Lakini lahani yake mashabiki wa soka wa Uingereza wameigeuza kuwa nyimbo za viwanjani, ukiwamo ule wa kumwimba mshambuliaji Teddy Sheringham, na wengi wetu tumeisikia kwenye vibanda umiza bila kujua ilikotoka.

Aliye na makala hata moja ya mhakiki iliyoupa wimbo huu zaidi ya aya moja, tafadhali ailete tuisome.