Julia Child: nianzie wapi kusoma maisha yake?

Swali: Ndugu zangu, nimevutiwa mno na vipindi vya zamani vya Julia Child, yule Mmarekani mrefu aliyeanza kufundisha mapishi ya Kifaransa katika televisheni ya Boston mwaka 1963. Je, nisome kitabu gani kuhusu maisha yake?

Jibu: Anza na My Life in France, kumbukumbu alizoandika pamoja na Alex Prud'homme, ambazo zilichapishwa mwaka 2006, miaka miwili baada ya kifo chake. Humo anasimulia samaki aliyemla mjini Rouen siku aliyowasili Ufaransa mwaka 1948, mlo uliomwasha moyo hata mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 37, akajiunga na chuo cha mapishi cha Le Cordon Bleu mjini Paris.

Jibu: Naongeza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia idara ya ujasusi ya Marekani huko Ceylon (Sri Lanka ya sasa), alikokutana na Paul, mumewe wa baadaye, kisha China. Mimi humpenda zaidi kwa kutoficha makosa: chapati ya viazi ilipomwagika juu ya jiko alipokuwa akiigeuza, aliizoa mbele ya kamera, akairudisha kikaangoni na kuendelea kufundisha.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Nitakitafuta kitabu hicho.