Dereva wangu wa bajaji anapaki mapema siku za mvua. Anaamuaje?

MamaGenge_Segerea:
Habari za jioni wakuu. Nina bajaji moja, kijiwe chake Segerea mwisho. Hesabu ni 20,000 kwa siku, Jumapili ya kwake. Dereva ni kijana mstaarabu, hanywi, bajaji anaiosha bila kuambiwa. Sasa kuna kitu kinanichanganya. Siku za jua, abiria wa kubahatisha, anazunguka mpaka saa 3 usiku na bado kuna siku ananiletea 15,000: "Mama, iliyobaki kesho." Deni linapanda. Ikinyesha, watu wanajazana kituoni, bajaji zinagombaniwa, nauli ya 500 inageuka 1,000 na mtu anashukuru. Siku hiyo saa 9 alasiri 20,000 yangu imefika kamili na bajaji imepaki uani! Mimi nauza nyanya na vitunguu, na gengeni siku wateja wakifurika ndiyo siku ya kukesha, siku ya nzi unafunga ukalale. Yeye anafanya kinyume, wakati deni analijua. Mpwa wangu yuko chuo, anasema wataalamu wameshalichunguza jambo hili kwa madereva teksi wa Marekani. Kuna anayelijua? Na deni atalilipaje bila mimi na yeye kukosana?

Kibopa wa Kinyerezi:
Uvivu huo. Akishiba amemaliza. Mnyang'anye funguo, vijana wanaotafuta bajaji wamejaa mjini.

KondaMsomi:
Shikamoo mama. Nimesoma uchumi pale Mlimani, na sehemu ya ada niliipata nikining'inia mlangoni mwa daladala za Mbagala, kwa hiyo swali lako nalijua kwa pande zote mbili.

Mpwa wako hajakudanganya. Mwaka 1997 wachumi Camerer, Babcock, Loewenstein na Thaler walichambua kumbukumbu za safari za madereva teksi wa New York. Kule nako kuna hesabu, usidhani ni yetu peke yetu: dereva anakodi gari kwa zamu ya saa 12, analipa kiasi maalumu, mafuta juu yake, kinachobaki chake. Wakakuta siku ambazo saa moja inaingiza zaidi ndizo dereva anazofunga mapema. Maelezo yao ni kwamba dereva ana kiasi cha siku kichwani. Akiwa chini yake anajiona anapoteza, akikifikia kasi inamwisha.

Wazo hilo lilitoka kwa wanasaikolojia Kahneman na Tversky, 1979. Hao walisema mtu akiamua hapigi hesabu ya mali yake yote, anaangalia yuko juu au chini ya alama fulani aliyojiwekea, na kuwa chini kunamuuma kuliko kuwa juu kunavyomfurahisha. Mwaka 1992 walikadiria kwamba uchungu wa kupoteza ni kama mara mbili na robo ya furaha ya kupata kiasi kile kile. Konda yeyote anakuelewa hapo. Jioni ukiwa na pungufu ya 2,000 kwenye hesabu, utaita abiria mpaka sauti ikauke. Hesabu ikishatimia, 2,000 nyingine ile ile haina nguvu hata ya kukuinua kwenye benchi.

Ila usimkamate kijana kwa utafiti mmoja. Mchumi Henry Farber aliyapinga matokeo hayo mwaka 2005, akaonyesha kwamba kinachomfungisha dereva kazi ni zaidi saa alizokwisha kaa barabarani, yaani uchovu, kuliko pesa aliyokwisha pata. Mwaka 2015 akarudi na safari zote za teksi zote za New York kuanzia 2009 hadi 2013. Kwa jumla madereva walifanya kazi zaidi pale kazi ilipolipa zaidi, na wale wasiojifunza kufanya hivyo ndio waliokuwa wepesi kuiacha kazi. Kuhusu mvua kuna kitu kitakufurahisha: ikinyesha teksi zilipungua kweli barabarani, lakini kipato cha saa moja hakikuwa kikubwa kuliko siku kavu. Abiria wapo, gari haliendi. Wewe mama unahesabu watu waliosimama kituoni, yeye anahesabu dakika alizokaa kwenye foleni ya Barakuda akitazama tela la lori.

Kibopa, hilo unaloliita uvivu Herbert Simon alilipa maelezo ya heshima tangu miaka ya 1950, na mwaka 1978 akapewa Nobel. Alisema mtu hana muda wala kichwa cha kupima kila njia ili apate iliyo bora kuliko zote, anatafuta inayotosha, akiipata anasimama. Kujua lini haitoshi ndiyo kazi.

Mama, ukitaka kujua ni kipi kati ya haya, tafuta siku yenye abiria wengi isiyo na mvua. Usiku wa kuamkia Idd, kwa mfano. Kama hata siku hiyo alipaki saa 9, basi ni ile 20,000 inayomrudisha. Kama alikesha, kosa ni la mvua.

Pilato wa Kimanga:
Mama heshima yako. Mimi ni dereva, niko kijiweni muda huu, niongee na mimi. Huyo msomi kaongea vizuri ila hajawahi kushika usukani wa bajaji kwenye maji. Mvua ikikolea, turubai unashusha, kioo kinafanya ukungu, mbele huoni. Maji yakifika kwenye plagi inazima, abiria anashuka na hela halipi. Shimo hulioni, beringi na shokapu zinakufa, na akirudi nyumbani na tairi limepinda wewe mwenye mali ndiye wa kwanza kufoka. Hiyo buku anayolipwa badala ya jero ni ya abiria wa lami. Wengi wa mvua wanataka uwaingize mpaka mlangoni, huko ndani kwenye utelezi.

Halafu nikuulize, huyo dogo anakaa wapi? Kama anakaa bondeni, mvua ikianza akili yake haiko kwa abiria. Mwaka jana mimi niliwahi kufika nikakuta godoro linaelea.

MamaGenge_Segerea:
Asanteni wanangu. KondaMsomi, marahaba. Nimefungua daftari langu la deni. Usiku wa kuamkia Idd kijana alirudi saa 7 usiku na 35,000 mkononi, deni likashuka. Na siku ile kulikuwa kukavu kabisa. Pilato, anakaa Kigogo, kule chini karibu na mto. Ana mke na mtoto mchanga.

KondaMsomi:
Basi mama jibu linaegemea kwa Pilato. Ila usiku mmoja ni usiku mmoja, na Idd ina hila yake. Mwaka 2006 Kőszegi na Rabin waliandika kwamba ile alama ambayo mtu anajipimia ni kile alichotegemea kupata. Mwenye familia, kuamkia Idd, anategemea kurudi na nguo ya mtoto na kuku, kwa hiyo alama yenyewe imepanda siku hiyo. Anaweza kukesha na bado akawa ni mtu wa alama. Ndiyo maana wenzetu hawa wanabishana mpaka leo, data ni zile zile, kila mmoja anasoma lake.

Kwa deni, mimi ningejaribu kumwekea hesabu ya wiki, 120,000 Jumamosi jioni. Siku nzuri imfidie mbaya.

Pilato wa Kimanga:
Msomi usimponze mama. Hela ya wiki nzima ikikaa mfukoni kwa dereva inapata ndugu. Alhamisi mtoto ana homa, Ijumaa kuna msiba Buza, Jumamosi jioni simu haipatikani. Hesabu ya kila siku inatulinda na sisi wenyewe.

MamaGenge_Segerea:
Ya wiki siitaki, Pilato amesema kweli. Je, nikimwambia siku mbaya alete 15,000 tusiite deni, na siku nzuri alete 25,000?

Kibopa wa Kinyerezi:
Kila siku itakuwa mbaya. Utaona.

KondaMsomi:
Kwa hilo Kibopa yuko sawa kabisa, maana siku ikoje anaijua yeye peke yake. Funga hesabu kwenye kitu mnachokiona wote wawili. Kalenda, mathalani. Mishahara inatoka kuanzia tarehe 25, watu wanapanda bajaji. Tarehe 12 watu wanatembea kwa miguu.

MamaGenge_Segerea:
Kwenye genge ni hivyo hivyo, katikati ya mwezi wananunua nyanya za fungu la mia mbili. Basi: tarehe 25 mpaka 5 alete 23,000, tarehe 10 mpaka 20 alete 17,000, siku nyingine 20,000 kama kawaida. Mwezi ukifunga sijapoteza kitu. Na mvua kubwa ikishuka apaki aende Kigogo, nisimsikie mtu. Deni la nyuma alipunguze kwenye siku za mishahara. Nitamweleza Jumapili akija kuosha.

Pilato wa Kimanga:
Hapo sawa bosi, mimi mwenyewe ningesaini. Ila andikishianeni mbele ya mjumbe, na mseme kabisa oili, tairi na faini za trafiki ni juu ya nani. Kwenye mkataba wako wa sasa oili analipa nani?

MamaGenge_Segerea:
Oili mimi. Tairi hatukuwahi kusema.