Ushauri: bei ya kukwangua lami inapigwaje? Makadirio mawili yamenichanganya

Mwenye Uwanja
Wakuu, salaam. Nina uwanja wa kuegesha magari mbele ya fremu, mita za mraba 1,200. Lami imechoka, ina nyufa na maji yanatuama. Nataka ikwanguliwe milimita 50, kisha utandazwe mkeka mpya wa lami wa milimita 50. Nimepata makadirio mawili na ya pili yanakaribia mara mbili ya yale ya kwanza, kazi ni ileile. Bei ya kukwangua inapigwaje hasa? Kuna mtu ananipiga hapa, sijui ni yupi. Nawasilisha.

Kokoto Kavu
Toa lami, weka pevingi. Ikizama unang'oa tofali, unasawazisha, unarudisha. Mada imefungwa.

Jino la Mashine
Mkuu, bei ya mita ya mraba peke yake haisemi kitu. Anza na kufikisha mtambo. Mashine ya kukwangua inabebwa na lori la mitambo kwenda na kurudi, na gharama hiyo haibadiliki ukikwangua mita 200 au 5,000. Ndiyo maana uwanja mdogo unaonekana ghali kwa kila mita. Halafu kuna siku ya mashine. Yenye ngoma (silinda ya meno yanayokwangua) ya upana wa mita 1 inamaliza uwanja wako ndani ya siku moja, ilimradi malori yasikatike. Lori likichelewa mashine inasimama ikinguruma na saa zinahesabika.

Meno nayo yanalika, hasa kokoto ikiwa ya granaiti. Maji yanayopulizwa kwenye ngoma ni ya kupoza meno na kutuliza vumbi, kwa hiyo uliza nani analeta maji. Jino likivunjika na likaachwa, linaacha tuta jembamba kwa urefu wote wa mkato.

Na chemba! Mashine haipiti juu ya mfuniko. Pembezoni mwake panamaliziwa kwa nyundo ya upepo, kazi ya mikono. Chemba 2 na chemba 12 ni bei mbili tofauti kabisa.

Mchota Kifusi
Swali la maana ni kifusi cha nani. Lami iliyokwanguliwa ni mali. Kiwandani inachanganywa tena, na hata ukiitandaza kavu kwenye njia ya vumbi na kuishindilia vizuri, inashika. Kama mkataba umekaa kimya, mkandarasi anaondoka nayo na bado anakutoza kuibeba. Andika: kifusi ni changu, au punguzo ni hili.

Bi Mizani
Kabla ya bei, lami yako ina unene gani?

Mwenye Uwanja
Unene wa kawaida tu. Naomba tubaki kwenye bei.

Bi Mizani
Kawaida si kipimo, kaka. Bei iko ndani ya unene. Ukikwangua ukaacha kipande cha milimita 10 au 15 juu ya kokoto, hakikai. Kinabanduka magamba chini ya matairi ya malori, na mkeka mpya hauwezi kushikamana na gamba linalocheza. Ama uache angalau milimita 25 zilizo nzima, ama uitoe yote. Toboa sampuli ya kipenyo cha milimita 100 sehemu tatu au nne, kisha urudi na namba.

Mwenye Uwanja
Sampuli zilishatobolewa. Ni 45, 45 na moja ya 40. Sikuona kama lina uzito.

Na niseme yote. Lango la malori ya mizigo lina zile nyufa za ngozi ya mamba, kama mita za mraba 150. Na nimeshasaini na yule wa bei ya chini, kianzio nimelipa. Sioni kosa nililofanya. Mashine ni yake, anaanza Jumatatu, na yule mwingine alikuwa anaongeza vitu ambavyo sikuviomba.

Kokoto Kavu
Una lami ya 45 na umesaini kukwangua 50. Hizo tano unamkopa nani?

Mzee wa Rola
Vijana mnasaini kwanza, mnauliza baadaye. Karatasi inasomwa kabla ya kalamu kufunguliwa.

Fundi Levo
Tuache kumchapa, tumsaidie. Mkuu, kwa 45 ukikata 50 umetoa lami yote na umeingia kwenye tabaka la msingi. Hiyo haiitwi tena kukwangua na kutandaza. Msingi uliofunuliwa unachongwa, unashindiliwa upya, unapigwa praima (lami nyepesi ya kupenya kwenye msingi), ndipo mkeka unakuja. Na pale kwenye ngozi ya mamba, ugonjwa uko chini: msingi umelowa au umechoka. Ukikwangua juu yake tu, nyufa zilezile zinarudi. Kata kwa kingo zilizonyooka, chimba hadi pagumu, jaza kokoto kwa matabaka yasiyozidi milimita 150 kila moja likishindiliwa, kisha lami.

Hivyo vitu "ulivyoongezewa" ni vipi?

Mwenye Uwanja
Kuchonga na kushindilia tabaka la msingi, praima, na kuchimba eneo la lango. Yule wangu hana hayo. Yeye ameandika kukwangua, kuondoa kifusi safari 3 za lori la tani 15, kufagia, lami ya kushikizia, mkeka. Safi na fupi.

Pima Kwanza
Wakuu, hii ni chai. Mita 1,200 kwa milimita 50 ni mita za ujazo 60. Lami iliyoshindiliwa ina takriban tani 2.35 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 141. Hizo ni safari 10 za lori la tani 15. Hakuna mwenye mashine asiyejua kugawanya. Huyu ni mkandarasi amekuja kuchota bei za wenzake, au ametunga uzi wakati wa mvua.

Kokoto Kavu
Nilijua. Mwenye uwanja wa kweli angeshanunua pevingi.

Mchota Kifusi
Safari 3 zinawezekana tu kama kifusi kinaliwa njiani.

Mwenye Uwanja
Situngi jambo hapa. Karatasi iko mkononi, naandika neno kwa neno: "Kukwangua lami iliyopo hadi mm 50. Kuondoa kifusi, safari 3, lori la tani 15." Ningetunga ningetunga namba zinazokubaliana.

Bi Mizani
Ngoja. Chukueni karatasi kama ilivyo, mpige hesabu kinyumenyume. Safari 3 za tani 15 ni tani 45. Gawa kwa 2.35, ni mita za ujazo 19. Gawa kwa 1,200, ni milimita 16. Mkandarasi hajakosea kugawanya. Anapanga kukwangua 16, na neno "hadi" linamruhusu.

Pima Kwanza
Nafuta neno chai. Ila hapo pana jambo baya zaidi. Mkuu, vizingiti vya fremu viko juu ya lami kwa kiasi gani?

Mwenye Uwanja
Nimetoka kupima kwa rula. Milimita 20. Mlango mmoja 18.

Pima Kwanza
Anatoa 16, anaweka 50. Uwanja unapanda 34. Vizingiti vya 20 vinabaki chini ya lami kwa 14, na mvua ya kwanza inaingia dukani. Wala usimwambie apunguze mkeka. Kwa kokoto ya milimita 14 mkeka unahitaji unene usiopungua mara tatu, yaani 42 kwenda juu. Ukiutandaza wa 20, rola inasaga kokoto badala ya kuishindilia.

Mwenye Uwanja
Si angekata zaidi pale milangoni tu?

Fundi Levo
Inafanyika, ila pima mteremko kwanza. Kama uwanja unashuka asilimia 2 kutoka mlangoni, ukanda wa mita 2 unashuka milimita 40. Ukipandisha mwisho wake 34 unabakiwa na 6, na maji yanasimama palepale. Ukanda uwe wa mita 4: unashuka 80, toa 34, unabaki na 46, ambayo inapita kidogo asilimia 1. Ila ulishasema maji yanatuama, kwa hiyo sidhani kama hiyo 2 unayo.

Kwa 45 mimi ningeitoa yote. Na ukishaamua hivyo, huhitaji hata mashine ya kukwangua. Greda au ekskaveta inabandua lami nyembamba namna hiyo, na gharama ya lori la mitambo na meno inahamia kwenye msingi. Hasara ni kwamba kifusi kinatoka mapande, si chembechembe, hakitandaziki bila kupondwa.

Jino la Mashine
Inauma kukubali, ila kwa unene huo ni kweli.

Mwenye Uwanja
Kwa hiyo yale ya pili hayakuwa ghali. Ilikuwa kazi nyingine.

Bi Mizani
Ndiyo, ila usimkimbilie bado. Naye mwombe aandike tani za kutoka, tani za kuingia, na usawa wa mwisho kwenye kila mlango. Huyu wa kwanza mwambie afute "hadi", aandike kina cha wastani, na malipo yaende kwa tani zilizopimwa kwenye mizani, si kwa safari. Jumatatu isogezwe.

Mwenye Uwanja
Nimemtumia. Amesoma, hajajibu.

Kokoto Kavu
Pevingi hazina "hadi".

Fundi Levo
Wakati unamsubiri, piga alama ya rangi ukutani kwenye kila mlango, milimita 500 juu ya kizingiti, na upige picha rula ikionekana. Mashine ikishapita hakuna atakayekubali lami ilikuwa usawa gani.