Acheni kumwaga majibu nusu ya pembetatu mraba za tufe!

Wakuu, hili limezidi. Kila swali la pembetatu mraba ya tufe (pembetatu iliyochorwa juu ya uso wa tufe, yenye pembe moja ya 90°) likiwekwa, majibu yanakuja na kasoro ileile: mtu anabonyeza sini kinyume (kutafuta pembe kutokana na sini yake), anaandika pembe ya kwanza inayotokea, anafunga hesabu. Huko ni kubahatisha!

Herufi kubwa ni pembe, herufi ndogo ni upande unaotazamana nayo, nao hupimwa kwa digrii; a na b ni miguu, yaani pande mbili zinazokutana kwenye pembe ya 90°, na c ni upande wa tatu. Chukua C = 90°, umepewa mguu a = 30° na pembe inayoutazama, A = 40°. Vyote vitatu vinavyotafutwa vinapatikana kwa sini:

sin c = sin a ÷ sin A = 0.7779
sin b = tan a × cot A = 0.6881
sin B = cos A ÷ cos a = 0.8846

Kikokotoo kinatoa c = 51.07°, b = 43.48°, B = 62.20°, basi. Lakini pembe yoyote na 180° ukitoa pembe hiyo zina sini moja. Kwa hiyo c = 128.93°, b = 136.52°, B = 117.80° nayo ni pembetatu halali kabisa. Anayeandika moja tu ameacha nusu ya jibu.

Wengine wakishaambiwa hivyo wanachanganya c ya kwanza na b ya pili. Haiwezekani! cos c = cos a × cos b, na a hapa iko chini ya 90°, kwa hiyo c na b zote ziko chini ya 90° au zote juu. Tena mguu na pembe inayoutazama haviachani: b ikivuka 90°, B nayo inavuka. Michanganyiko ni 8, inayosimama ni 2.

Kinachoudhi kuliko vyote ni ule "uhakiki" wa sin b = sin c × sin B. Unapita kwa michanganyiko yote 8, maana sini haioni tofauti! Hakiki kwa cos c = cos a × cos b, kisha cos B = cos b × sin A. Hapo alama ya kutoa itaumbua kosa papo hapo.

Na mnaotumia kanuni za Napier, njia ya mwanahisabati huyo ya kukumbuka fomula hizi, ambazo zipo tangu 1614: miguu a na b inaingia ilivyo, ila A, B na c lazima zitolewe kwanza kwenye 90°. Mnaruka hatua hiyo kila mara.

Halafu mtu anapewa a = 40°, A = 30°, anapata sin c = 1.2856, anasema kikokotoo kibovu. Kikokotoo ni kizima. Sini haizidi 1, kwa hiyo pembetatu hiyo haipo.