Soneti ya 116 ya Shakespeare: vina vimevunjika au nasoma vibaya?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu, salamu. Mimi si mtu wa fasihi, kazi yangu ni hesabu. Wiki mbili zilizopita binti yangu aliacha mezani kitabu chake cha mashairi ya Kiingereza, nikakifungua nikisubiri chai ipoe. Chai ililala hapo hapo.

Nimenasa kwenye soneti ya 116, ile ya mapenzi yasiyoyumba. Mimi nimezoea kuhesabu mizani kwa vidole, nikaipima hivyo hivyo: mishororo 14, mizani 10 karibu kila mmoja. Sasa njooni kwenye vina. "Love" na "remove". "Come" na "doom". Na mwisho kabisa, pale mshairi anapoapa, "proved" na "loved". Mdomoni havikutani! Mtu anaapa kwamba mapenzi ya kweli hayabadiliki, halafu kiapo chenyewe kinatua kwenye kina kibovu? Imeniuma, kwa sababu shairi nalipenda mno. Tena mshororo wa 6 na wa 8 napata mizani 11, nimerudia mara nne. Kakosea, au kuna kitu sikijui?

Mzee wa Arudhi:
Masikio yako mazima, ndugu yangu. Kilichohama ni lugha. Soneti hizi zilichapishwa 1609, na irabu za Kiingereza zimebadilika sana tangu hapo. Tamka "proved" kwa irabu ile fupi ya "loved", kina kitarudi. Mwaka 2004 ukumbi wa Globe kule London uliigiza *Romeo and Juliet* kwa matamshi ya kale, kwa msaada wa mwanaisimu David Crystal.

Kuhusu 11: "shaken" na "taken" zinaishia na silabi isiyo na mkazo. Wenzetu wanasikiliza mapigo matano ya mkazo, na silabi moja dhaifu mwishoni inasamehewa. Kwetu mkazo una makao yake, silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana hatuuhesabu. Ila mshororo wa 5 uangalie vizuri: "fixed" lazima uitamke kwa silabi mbili, la sivyo utabaki na mizani 9.

Binti Tungo:
Naongeza dogo. "Bark" ya mshororo wa 7 si gome la mti wala mbwa kubweka, ni chombo cha baharini. Mapenzi ni nyota ya kuongozea chombo kilichopotea. Manahodha walipima kimo chake angani, lakini thamani yake haipimiki. Mimi hapo ndipo huwa nasimama kusoma.

Msomaji wa Usiku:
Mzee wangu, shikamoo na asante. Nimeisoma upya kwa irabu fupi, mishororo miwili ya mwisho imefunga kama mlango. Dada, ile ya kimo cha nyota nilikuwa naipita tu, nikidhani ni urefu wa mtu.

Sasa nipo ya 73. Mshororo wa 2 anataja majani ya njano, kisha anasema hakuna, kisha machache. Kwa nini "hakuna" imetangulia? Mimi ningeanza na machache, yapukutike, ndipo yaishe. Yeye kama ameona tawi tupu, akatazama tena, akakuta yapo mawili matatu bado yananing'inia. Nimekaa nalo tangu jana. Nyie mnalisomaje?