Huduma ya masomo ya bonsai mtandaoni imebadilisha vifurushi: nilipie kifurushi cha juu au nijitoe?

Bustani_Arusha ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kulea bonsai, yaani miti inayolelewa chunguni ibaki midogo, katika mazingira yetu, hasa wale waliowahi kulipia masomo ya mtandaoni kutoka nje.

Mimi ni mwanachama wa huduma moja ya Marekani inayofundisha bonsai kwa video. Hadi sasa kulikuwa na kifurushi kimoja tu: ukishalipa ada ya mwezi au ya mwaka, unafunguliwa kila kitu, yaani somo la moja kwa moja la kila wiki, kikao cha maswali, pamoja na hifadhi yote ya masomo yaliyopita. Wiki hii tumeandikiwa kwamba kuanzia mwezi ujao vifurushi vitakuwa vitatu. Cha chini kitakuwa na masomo mafupi ya msingi peke yake. Cha kati kitaongeza somo la moja kwa moja, ambalo litaachwa kwa siku chache na kisha kuondolewa. Cha juu ndicho kitakachobaki na hifadhi nzima, pamoja na nafasi ya kutuma picha za mti wako ukapewa maoni, na bei yake ni karibu mara mbili ya ninayolipa sasa. Sisi tuliolipia mwaka mzima tutabaki na haki zetu hadi muda wetu uishe, na baada ya hapo, tusipochagua wenyewe, tutahamishiwa kifurushi cha juu kwa bei mpya.

Bei ni sehemu tu ya kinachonisumbua. Faida yangu kubwa ilikuwa kwenye hifadhi: mti ukionyesha dalili nisiyoielewa, nilitafuta somo linalohusu mizizi au waya wa kupindia matawi na kulitazama kwa kurudiarudia mti ukiwa mezani mbele yangu. Somo la moja kwa moja hurushwa saa kumi na mbili jioni kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, na kwetu hiyo ni saa kumi alfajiri, au saa kumi na moja wanaporudisha saa zao nyuma majira ya baridi. Kifurushi cha kati, kwa hiyo, kinanitaka niamke usiku ili nipate kitu ambacho baada ya siku chache hakitakuwapo tena.

Upande wa pili, masomo mengi ya hifadhi hiyo yanahusu misonobari, mireteni na meipo za Japani, yaani miti ya nchi za baridi. Mimi ninalea mikuyu, fikasi za kitalu (miti ya jamii moja na mikuyu), mizeituni mwitu ambayo Wamaasai huiita oloirien, niliyoing'oa kwa ruhusa ya mwenye shamba lililokuwa likisafishwa, na mawaridi ya jangwani, yale yenye shina nene linalohifadhi maji. Je, kwa mtu mwenye miti ya namna hii, kuna haja ya kulipa bei hiyo mpya?

---

ShambaDogo_Nairobi amejibu:

Dada, ushauri wangu ni kwamba usilipie mwaka. Subiri muda wako uishe, kisha lipia kifurushi cha juu kwa mwezi mmoja tu kila unapokaribia msimu wa kazi kubwa, ukiwa tayari umeandika daftarini maswali unayotaka kuyatafutia majibu. Mtu anayeingia kwenye hifadhi ya namna ile bila swali hutazama video hadi usiku wa manane, na kesho yake mti wake uko vilevile.

Ila kabla ya kuamua, tenganisha masomo yanayohusu kalenda na masomo yanayohusu namna mti unavyofanya kazi. Ya kalenda hayatusaidii sana. Mwalimu wa Oregon, huko Marekani, anapopanga mwaka wake kwa kufuata miti kulala majira ya baridi, kuchipua majira ya machipuko na kuhifadhi chakula majira ya majani kupukutika, anaueleza mwaka ambao mkuyu wako haujui. Mti wetu hufuata joto na mvua. Kwa Nairobi na Arusha, baridi ya Juni na Julai ndiyo wakati wa kuiacha mizizi ya fikasi ipumzike, kwa sababu mti uliokatwa mizizi wakati wa baridi hukaa muda mrefu bila kupona na mara nyingi hudondosha majani. Joto linaporudi kuanzia Septemba, au muda mfupi kabla ya masika, mti uleule hukatwa mizizi na baada ya wiki chache unatoa machipukizi.

Masomo ya namna mti unavyofanya kazi ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ninapoona ulipie. Chukua somo la udongo na maji. Baada ya kumwagilia, maji yanayobaki chini ya chungu hufanya tabaka lenye kina kilekile, chungu kiwe kirefu au kifupi, mradi udongo ni mmoja. Chungu kifupi cha bonsai basi hubaki kimelowa kwa sehemu kubwa zaidi ya kimo chake kuliko ndoo, na udongo mweusi wa bustani uliostawisha mche wako kwenye ndoo utaozesha mizizi ya mti huohuo ukiuhamishia kwenye trei. Ukishalielewa hilo, huhitaji akadama, ule udongo wa chembechembe wa bonsai unaoagizwa Japani. Sisi huku tunatumia pumisi, jiwe jepesi la volkano lenye matundu, ya Bonde la Ufa: unaichekecha, unatupa vumbi lote, unabakiza chembe zenye ukubwa wa punje ya mahindi au pungufu kidogo, na maji yanapita vizuri.

Waya nao unataka uangalifu, kwa sababu kanuni ni ileile lakini muda si uleule. Katika masomo ya nchi za baridi utasikia kwamba waya hukaa kwenye tawi la mreteni kwa miezi mingi. Kwenye fikasi inayonenepa wakati wa mvua na joto, hali hubadilika haraka mno. Kagua tawi kila wiki, upitishe kidole kando ya waya, na ukiona gome limeanza kuinuka pande zake mbili, usiuzungushe kuutoa: ukate kwa koleo kipande kwa kipande, kila mzunguko peke yake, ili usikwangue gome laini wala kuvunja vikonyo vya majani. Kovu la waya kwenye shina changa la fikasi huonekana miaka mingi baadaye.

Kuna pia masomo ambayo ukiyahamisha kutoka mti mmoja hadi mwingine yatakudhuru. Mreteni hauchipui kwenye tawi lililoondolewa kijani chote, lakini mkuyu na mzeituni mwitu huchipua hata kwenye mti mkongwe uliokatwa vibaya, kwa hiyo woga wa mwalimu wa mireteni kuhusu kukata si lazima uwe woga wako. Kinyume chake, waridi la jangwani halivumilii utaratibu wa kawaida wa kukata mizizi na kumwagilia papo hapo. Liache vidonda vikauke kivulini kwa siku kadhaa kabla ya kulipa maji, la sivyo linaoza kuanzia chini na utagundua likishakuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Jambo la mwisho kwangu: tafuta walimu wa nchi zinazofanana na zetu. Afrika Kusini wana desturi yao ya kuipa miti umbo la nyika za Afrika, ikiwemo mtindo wa Pierneef, uliopewa jina la mchoraji J. H. Pierneef aliyeishi 1886 hadi 1957, ambao kilele chake hutandaa kama mwavuli wa mgunga, na mzeituni mwitu ni miongoni mwa miti wanayoilea sana. Wataiwani wamebobea katika fikasi. Kule Fort Pierce, Florida, bustani ya Heathcote ina mkusanyiko mkubwa wa bonsai za nchi za joto zilizolelewa na James J. Smith. Ukitafuta picha za miti hiyo na kuzichunguza tawi kwa tawi, utajifunza kuhusu fikasi mambo ambayo hifadhi ya misonobari haiwezi kukupa.

---

Mpwani_Tanga amejibu:

Nakubaliana na mzee wa Nairobi kuhusu miti, kwa hiyo nitasema kuhusu fedha tu.

Dada, hilo la kukuhamishia kifurushi cha juu usipochagua ndilo la kulishughulikia leo, kabla ya kuamua mengine yote. Ingia kwenye akaunti yako uzime malipo yanayojirudia. Kwa kawaida ukizima, unaendelea kutumia huduma hadi mwisho wa muda uliokwisha kulipia, ila soma masharti yao kwanza, kwa sababu kuna huduma ambazo ukijitoa unapoteza bei ya zamani na huwezi kuirudia. Kwako hilo halina uzito mkubwa, kwa kuwa bei ya zamani inafutwa kwa kila mtu. Barua pepe waliyowaandikia ihifadhi, pamoja na risiti ya mwaka, ili wakipunguza haki zenu kabla ya muda uwe na kitu cha kuwaonyesha.

Pili, bei unayoiona kwa dola mara nyingi si yote itakayokatwa. Makampuni ya nje yanayouza huduma za kidijitali kwetu yanatakiwa kukusanya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, na benki nayo hukata chake inapobadilisha fedha. Fanya hesabu kwa shilingi zitakazotoka mfukoni. Ukiweza, tumia kadi ya mtandaoni uliyoiwekea kiasi cha mwezi mmoja tu. Kwa ndugu zetu wa Kenya, kadi ya namna hiyo inapatikana ndani ya M-Pesa tangu 2022.

Kuna watakaokushauri mchange watu watano mtumie akaunti moja, au urekodi video zote kabla hazijafungwa. Mimi sikushauri. Karibu masharti yote ya huduma hizi yanakataza, na akaunti ikifungwa mwenye hasara ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi. Andika maelezo yako mwenyewe na uchore michoro ya matawi, na hayo hakuna atakayekufungia.

---

Msonobari_Hamburg amejibu:

Naomba nitoe mtazamo wa tofauti kidogo, kwa kuwa mimi ni Mswahili ninayelea misonobari na meipo huku Ujerumani, na kwangu kifurushi cha juu kina thamani yake kamili. Kalenda yao ndiyo kalenda yangu, na somo la kulinda mizizi isigande lililotolewa miaka iliyopita nalihitaji kila Novemba.

Tusisahau pia gharama ya elimu hii. Zamani mtu aliyetaka kujifunza kazi hii kwa kina alikwenda Japani akakaa miaka mingi kama mwanagenzi kwa bwana mmoja, katika sehemu kama kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa mwaka 1925 na wakulima waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923. Baadhi ya walimu wa Marekani wanaotufundisha kwa video walipitia njia hiyohiyo, na sasa mtu wa Arusha anapata kwa ada ya mwezi kile ambacho wao walikipata kwa kufagia bustani ya mwalimu. Siwalaumu kwa kupandisha bei.

Ninachowalaumu ni kuficha masomo ya zamani kwa watu waliochangia ada zilizoyatengeneza. Kama wangewaachia wanachama wa zamani hifadhi iliyokusanywa wakati wao, na kutoza bei mpya kwa masomo mapya, wengi wetu tungelipa bila manung'uniko. Ninakushauri uwaandikie hivyohivyo kwa adabu, nami nitaandika, kwani huduma ndogo za aina hii husikiliza zikiona barua nyingi zinasema jambo moja.

---

Bustani_Arusha amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Malipo ya kujirudia nimeshayazima, na barua nitaiandika nikitumia hoja ya ndugu wa Hamburg, kwa sababu ndiyo inayoeleza vizuri kinachoniuma. Kwa muda uliobaki nitaandika maelezo ya masomo ya udongo, ya mizizi na ya waya peke yake, na misonobari nitaiacha. Baadaye nitalipia mwezi mmoja mmoja kama mlivyoshauri.

Mzee wa Nairobi, shikamoo, naomba niulize la mwisho. Mizeituni mwitu niliyoing'oa iko kwenye masanduku ya mbao yenye pumisi, na imeanza kutoa machipukizi mengi kwenye shina. Je, niyachague sasa na kuanza kufunga waya, au ningoje?

---

ShambaDogo_Nairobi amejibu:

Marahaba dada. Ngoja. Mti uliong'olewa hujenga mizizi mipya kwa chakula kinachotoka kwenye majani hayohayo unayotaka kuyapunguza, kwa hiyo acha machipukizi yote yarefuke msimu mzima bila kuguswa, hata yale yaliyoota pasipofaa. Usiupe mbolea kali, na usisogeze sanduku, kwa sababu mizizi michanga hukatika shina likitikisika. Mwaka wa pili, ukiona machipukizi yanaendelea kurefuka yenyewe hata baada ya mvua kukatika, chagua yale yatakayokuwa matawi, yafunge waya yakiwa bado yanapindika, na yaliyobaki uyaondoe kidogo kidogo. Sehemu za shina zilizokufa usizichonge sasa. Mti wa mzeituni ni mgumu na hauozi upesi, kwa hiyo kazi hiyo inaweza kusubiri hadi uone maji ya mti yanapita upande gani. Ukishafika hapo, lipia mwezi wako mmoja na utafute masomo yao ya kuchonga mti mkavu. Mengi yamefanywa kwa mireteni, lakini mkono na patasi hufanya kazi ileile.